Mkono Usioshika Wembe

Paliondokea fundi mmoja wa visu katika jiji la Paris, jina lake Jean-Jacques Perret. Alitengeneza visu, mikasi, vifaa vya madaktari wa upasuaji, na nyembe. Hii si ngano, wajukuu zangu. Perret alikuwapo kweli, na mwaka 1769 alitoa kitabu cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe, kazi ambayo wengi wao walikuwa wamezoea kufanyiwa na mtu mwingine.

Siku hizo mwenye uwezo alinyolewa. Aliketi, akainua kidevu, akatulia, na kinyozi akamwendea na wembe wa kukunja wenye makali ya kupasua unywele. Kinyozi huyo alikuwa amejifunza kazi kwa miaka, akiwa mwanafunzi chini ya fundi wake. Perret alitaka mtu wa kawaida, ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wa kinyozi yeyote, aweze kusimama mbele ya kioo chake na kumaliza kazi bila damu. Akabuni kilinzi cha mbao cha kuvalishwa kwenye wembe. Wazo alilitoa kwenye randa ya seremala, ambayo chuma chake hutokeza kidogo tu chini ya ubao, kwa hiyo hakiwezi kuchimba. Wembe uliovalishwa kilinzi kile nao haukuweza kuzama ndani ya nyama.

Ilikuwa akili kubwa, na nyembe nyingi za leo zimerithi wazo hilo hilo. Lakini kilinzi huzuia tu wembe kuzama. Hakiwezi kuivuta ngozi, na ngozi iliyolegea hukatika hata chini ya wembe mzuri ulioshikwa na mtu makini. Kazi ya kuivuta ni ya mkono wa pili, ule usioshika kitu. Watu wengi wakimtazama kinyozi hutazama wembe. Mimi nawaomba mtazame mkono wake mwingine, jinsi unavyotangulia kufika kila mahali, ukatua, ukavuta, ukasubiri, ndipo wembe ufuate.

Nawaandikia ninyi ambao juu ya mdomo kumeanza kutia kivuli. Dada zenu nao wasome, kwani ngozi ni ile ile, na wanawake vinyozi hodari wapo. Iko methali isemayo mtoto akililia wembe, mpe. Naiheshimu, maana wakubwa waliisema wakijua kuwa mtu mkaidi hufundishwa na jeraha. Kwa wembe halisi, hata hivyo, simpi mtoto mpaka kwanza mkono wake wa pili ujue kazi yake, na mpaka awepo mtu mzima karibu naye.

Basi gusa shavu lako sasa hivi. Lisukume kidogo kuelekea sikioni. Ngozi imekwenda, mfupa umebaki. Uso wako umefunikwa na kitu laini kinachoteleza juu ya kitu kigumu, na wembe ukipita juu ya kitu hicho laini hukisukuma mbele yake. Ngozi hujikusanya ikafanya wimbi dogo ambalo pengine hata hulioni kwa sababu ya povu. Makali yakilifikia wimbi hilo, hupita katikati yake. Hapo ndipo damu hutoka. Tandika shuka bila kulivuta, kisha telezesha kiganja juu yake, utaona mkunjo ukitangulia vidole vyako. Sasa lishike shuka upande wa nyuma kwa mkono wa pili, ulivute kidogo, upitishe tena kiganja. Mkunjo hautokei.

Ukiuelewa mfano huo, umeshaelewa kanuni nzima: vuta kutoka nyuma ya wembe, kuelekea upande ambao wembe umetoka. Wembe ukishuka, vidole vivute juu. Wembe ukipanda, vidole vivute chini. Ngozi iliyoshikwa nyuma haiwezi kuburutwa na makali, na vidole vyako havitakuwa njiani wembe ukiteleza.

Iko sababu nyingine, nayo imo katika udevu wenyewe. Udevu hauoti wima. Hutoka ngozini umelala, mmoja umeelekea chini, mwingine umeelekea sikioni, na shingoni zimo ndevu zinazozunguka hovyo. Udevu uliolala ukipitiwa na wembe huweza kuinama na kuyakwepa makali, nawe ukarudia mahali pale pale mara tatu mpaka ngozi ikawaka moto. Ngozi ikikazwa, udevu huinuka kidogo na kukutana na makali ukiwa umesimama imara, ukakatika kwa pito moja. Kwa hiyo, kabla hujanyoa hata mara moja, acha ndevu zikue siku mbili au tatu, kisha pitisha kidole polepole kila upande. Mahali kidole kinapoteleza, ndiko zinakolala. Mahali kinapokwaruzwa, ni kinyume chake. Chora uso wako kwenye karatasi, utie mishale. Ramani hiyo itakufaa miaka mingi.

Ngozi nayo ina mielekeo yake, na aliyeionyesha vizuri ni mtaalamu wa maumbile ya mwili kutoka Austria, Karl Langer. Alichukua chuma chenye ncha ya mviringo, akatoboa ngozi za maiti sehemu nyingi za mwili. Ungetazamia matundu ya mviringo, sivyo? Yalikuwa marefu na membamba, kama yaliyofanywa kwa kisu. Ngozi ilikuwa imeyavuta matundu yale kila moja kwa upande wake. Langer akafuata mwelekeo wa matundu hayo, akachora mistari mwili mzima, na mwaka 1861 akachapisha aliyoyaona. Madaktari wa upasuaji hadi leo huiangalia mistari hiyo wakati wa kuamua wapasue kwa mwelekeo gani, maana jeraha linalofuata mstari hupona kwa kovu dogo zaidi.

Kinachofanya hivyo ni nyuzi zilizo ndani ya ngozi. Zimo nyuzi ngumu za kolajeni, ambazo huipa ngozi nguvu, na nyuzi za elastini, ambazo huirudisha mahali pake baada ya kuvutwa. Shingoni mistari ya Langer hulala kwa mlalo, kuzunguka shingo, na ngozi hurefuka kwa urahisi zaidi kwa kukatisha mistari hiyo, yaani juu na chini. Ndiyo maana unaweza kuinua kidevu mpaka uione dari, na ndiyo maana pia ngozi ya shingo humponyoka anayejifunza. Inahitaji kushikwa kuliko ngozi ya mahali pengine popote usoni.

Ninyi vijana mna bahati. Elastini yenu bado ni nzima, ngozi imejikaza yenyewe, na mvuto mdogo unatosha. Ngozi ya mzee imelegea. Mtazame kinyozi mwenye uzoefu anapomnyoa mzee: atapanua kidole gumba na cha shahada, avute shavu lote kuelekea sikioni, anyoe kipande kidogo, asimamishe wembe, ahamishe vidole, avute tena. Hana haraka. Anajua kwamba kila baada ya inchi moja ngozi imeshaanza kulegea upya.

Sasa maji. Methali nyingine husema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Twaitumia kuonyana juu ya mambo makubwa kuliko kunyoa, lakini fundisho lake la wazi ni la kweli vile vile. Udevu mkavu ni mgumu kukatika. Ukinywa maji huvimba na kulainika, na wembe hauhitaji nguvu kuukata. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, uache uso ukiwa umelowa kwa dakika 2 au 3, kisha tia sabuni na kuzungusha brashi mpaka povu liwe zito na lenye majimaji. Povu jepesi lililojaa hewa halisaidii; hukauka ukiwa bado upo shavu la kwanza.

Maji hayo hayo huleta taabu yake. Uso umelowa, una sabuni, umeteleza, nawe unatakiwa kuushika kwa vidole na kuuvuta. Vidole vikiteleza ghafla wakati wembe uko kazini, ngozi hurudi kwa kasi chini ya makali, na jeraha la namna hiyo huwa baya. Kwa hiyo vidole vya mkono wa pili viwe vikavu. Weka taulo begani au kiunoni, ufute vidole kila unapohama. Usipake povu mahali ambapo vidole vitatua. Na liwepo jiwe la shabu: lilowanishe kidogo, lipitishe kwenye ncha za vidole, subiri zikauke, na vidole vitang'ang'ania ngozi iliyolowa. Watu wengi hulijua shabu kama dawa ya kuzuia damu baada ya kunyoa. Mimi nalithamini zaidi kabla, linapozuia damu hiyo isitoke.

Tuuzunguke uso. Nitasema kama unashika wembe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Shavu la kulia ndilo la kuanzia. Inua mkono wa kushoto, uupitishe juu ya kichwa, ulete vidole kwenye panja la kulia, juu kidogo ya mahali sharafa zinapoanzia. Mara ya kwanza utajiona wa ajabu kwenye kioo. Usijali, hivyo ndivyo ilivyo. Vuta ngozi juu. Laza wembe ubavu, kisha inua mgongo wake kidogo, mpaka upatikane mwinamo wa nyuzi 30 hivi kati ya wembe na ngozi. Ukilala kabisa, wembe unang'oa. Ukisimama sana, unakwangua na kukata. Shusha wembe kwa mapito mafupi bila kukandamiza. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ukifika katikati ya shavu, simamisha wembe, uuondoe usoni, ndipo usogeze vidole chini na kuvuta tena. Sitachoka kulisema hili: vidole na wembe visitembee wakati mmoja. Kimoja kikienda, kingine kitulie. Na wembe usiteleze kamwe kwa urefu wake, kama kisu kinachokata mkate. Hata ukiwa haugandamizi, mwendo huo hupasua.

Shavu la kushoto ni jepesi kwa mkono wa pili na gumu kwa wembe. Vidole vinatua mbele ya sikio, vinavuta juu na kurudi nyuma kidogo, ila mkono wenye wembe lazima ukatize mbele ya uso wako na kuficha kioo. Wanyoaji wengine huhamishia wembe mkono wa kushoto. Wakiweza, ni vizuri. Kwa anayeanza, nashauri abaki na mkono aliouzoea na aende taratibu.

Taya ndilo linalowakata wengi. Pale ngozi ni nyembamba, chini yake kuna ukingo wa mfupa, na wembe uliokuwa ukipita mahali tambarare ghafla unaukuta mteremko. Ujanja ni huu: usinyoe juu ya mfupa. Shika ngozi ya shavu na kuivuta juu mpaka ile iliyokuwa kwenye ukingo wa taya ipande na kulala juu ya shavu, mahali tambarare. Ngozi ndiyo iliyosafiri, wembe umebaki pale pale penye salama. Jaribu sasa hivi bila wembe. Weka alama kwa kalamu kwenye ukingo wa taya, uvute shavu juu, utaona alama ikihama. Baadaye fanya vivyo hivyo kutoka chini, uivute ngozi ya shingo na kuishusha, upate upande wa pili wa ukingo.

Shingoni inua kidevu, lakini usikiinue mpaka mwisho. Wengi hudhani kichwa kikitupwa nyuma kabisa kazi imekwisha. Kikipinda mno, kamba za shingo husimama na katikati yake hubaki mabonde. Inua kiasi, geuza uso pembeni, na vidole vya mkono wa pili vivute ngozi kwa upole upande ule wembe unakotoka. Mara nyingi ndevu za chini ya shingo huwa zimelala kuelekea juu au pembeni, kwa hiyo ramani yako ndiyo itakayosema wembe upande au ushuke. Ukipanda, vidole vitue juu kidogo ya mtulinga na vivute chini.

Kisha kuna kikoromeo, kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza. Usikinyoe kikiwa mahali pake. Ishike ngozi iliyo juu yake, uivutie kando, kulia au kushoto, mpaka ile iliyokuwa juu ya kifundo ilale pembeni palipo laini. Nyoa hapo. Iachie, uivutie upande wa pili, umalizie. Mkono wa pili ndio uliokiondoa kilima. Wembe haukulazimika kukipanda.

Juu ya mdomo hakuna nafasi ya vidole vingi. Hapo uso hujivuta wenyewe. Vuta mdomo wa juu chini, uukaze juu ya meno, kama mtu anayeificha fizi yake. Kwa kidole kimoja inua ncha ya pua kidogo, au isogeze kando. Mapito yawe mafupi kabisa. Pembeni mwa mdomo, vuta kona yake kuelekea nje kwa kidole. Wengine husukuma kwa ulimi kutoka ndani ya shavu, na husaidia, ila wembe mkali na shavu lililovimba kwa ulimi si mambo ya kukutanisha katika miezi ya mwanzo.

Kidevu kina mviringo, na mviringo haukazwi wote kwa pamoja. Kigawe. Vuta mdomo wa chini uukunje juu ya meno, ngozi ya kidevu ikanyooka, nyoa mbele. Kisha kwa kidole gumba vuta ngozi kutoka ubavu mmoja, unyoe kipande cha ubavu wa pili. Wenye kidevu chenye kishimo watahitaji kuivuta ngozi kwa vidole viwili kwenda pande mbili mpaka kishimo kipotee.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike. Mafundisho mengi ya kunyoa kwa wembe wa kukunja yametoka kwa watu wenye ndevu zilizonyooka, nayo humwambia msomaji avute ngozi sana, anyoe kwanza kufuata ndevu, halafu akatize, halafu apande kinyume chake, mpaka uso uwe laini kabisa. Ushauri huo ukimfikia kijana mwenye ndevu za kipilipili unaweza kumharibia uso.

Kishimo kinachootesha udevu wa kipilipili chenyewe kimepinda chini ya ngozi, na udevu huzaliwa ukiwa na hamu ya kujikunja. Ukiivuta ngozi kupita kiasi, udevu hutoka nje kuliko kawaida yake. Wembe unaukata usawa wa ngozi. Unaiachia ngozi, nayo inarudi, na kisiki cha udevu kinazama chini ya uso wake, kikiwa na ncha iliyokatwa mshazari, iliyochongoka. Siku chache baadaye kisiki kinaanza kukua. Kwa kuwa kimepinda, hakiendi kutafuta mlango wa kutokea. Kinachoma ukuta wa kishimo chake na kuingia nyamani. Mwili unakipokea kama kitu kigeni, eneo linavimba, linawasha, linatunga kipele, pengine na usaha, na kipele kikipona kinaacha doa jeusi. Udevu mwingine hufanikiwa kutoka, kisha ukajikunja na kuichoma ngozi kutoka juu.

Mmeviona vipele hivyo shingoni mwa kaka na baba zenu. Katika jeshi la Marekani, ambako askari wametakiwa kwa miaka mingi kuwa na uso ulionyolewa, askari weusi wengi wamelazimika kuomba ruhusa ya daktari ya kutonyoa kwa sababu ya vipele hivi. Kijana mwenye vipele huambiwa haogi vizuri, au anatumia sabuni mbaya, au ana damu chafu. Inaniuma nikisikia hivyo. Hana uchafu wowote. Ana udevu uliopinda na ngozi iliyovutwa mno.

Je, asivute kabisa? Ngozi isiposhikwa itafanya wimbi na kukatika, tumeshaona. Basi kipo kipimo, na ndicho ninachotaka mikono yenu ikijue: vuta mpaka ngozi iache kutembea mbele ya wembe, hapo hapo usimame. Ukiona kona ya jicho imevutwa, umezidisha. Ukiona ngozi imepauka kuzunguka vidole, umezidisha. Ukihisi uchungu kwenye mizizi ya ndevu, umezidisha sana. Lengo ni kuilaza ngozi iwe tambarare, basi. Kuuchomoa udevu ili ukatwe chini zaidi siyo kazi ya mkono huo, ingawa utasifiwa jioni hiyo kwa ulaini wa shavu.

Na mwenye kipilipili apite mara moja tu, kufuata ndevu zinakolala, asipande kinyume. Akiguswa shavu baadaye na ndevu zikasikika kidogo, hiyo ndiyo salama yake. Ncha iliyo nje ya ngozi haiwezi kuchoma kutoka ndani. Kama vipele vimeshatoka, wembe uwekwe kando kwa wiki kadhaa mpaka vipoe, na vikiwa vingi amwone daktari wa ngozi. Asivichokoe kwa sindano au kucha.

Mkono wa pili ulianza kusahauliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza nyembe zake za kubadilisha mwaka 1903, na mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka 1904 akapata hataza. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia Wamarekani, askari wao wakapewa nyembe hizo kwa mamilioni, wakarudi nazo nyumbani, na ujuzi wa ukanda wa kunolea na wa kukaza ngozi ukapungua nyumba kwa nyumba. Tazameni nyembe za plastiki za siku hizi zenye makali mawili au matatu: kwa nyingi kati yake, mbele ya makali kuna ukanda mwembamba wa mpira. Umewekwa hapo uikamate ngozi na kuinyoosha kabla makali hayajafika. Viwanda vilikuwa vinatafuta namna ya kurudisha kazi ya vidole.

Ukivuta sawasawa na bado wembe unakwama, usiongeze nguvu mkono wowote. Wembe umekuwa butu. Nywele, kwa ulaini wake wote, huuharibu wembe. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walilichunguza jambo hili, na majibu yao yakatoka katika jarida la Science mwaka 2020. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alijinyoa kwa nyembe za kawaida, kisha akazitazama kwa hadubini yenye nguvu. Unywele ni laini kuliko chuma cha pua mara 50 hivi, lakini makali yalikuwa yamemeguka vipande vidogo sana, hasa pale unywele ulipojipinda wakati wa kukatwa. Mwenye wembe wa kukunja huunyoosha kwenye ukanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa, akiuburuta kwa mgongo wake mbele na makali nyuma. Kwa vinyozi wetu wengi siku hizi wembe wa kukunja ni mpini tu, unaotiwa nusu ya wembe mpya, ambayo hutupwa baada ya mteja mmoja. Ukikaa kwenye kiti cha kinyozi, uone kwa macho yako karatasi ya wembe mpya ikifunguliwa. Usipoiona, iulizie kwa adabu. Magonjwa yanayosafiri kwa damu, virusi vya Ukimwi na homa ya ini vikiwemo, hayana haja ya jeraha kubwa. Na wembe wako wa nyumbani usimwazime hata ndugu yako wa tumbo moja.

Mazoezi yaanze bila uso. Vinyozi wanaojifunza hupuliza puto, hulipaka povu na kulinyoa lote bila kulipasua. Fanya hivyo, ukilishika kwa mkono wa pili na kuhamisha vidole kila baada ya pito. Kisha fanya mazoezi ya vidole peke yake mbele ya kioo, bila wembe, uso ukiwa na povu: panja, shavu, taya, shingo, ukivuta na kuhesabu mpaka tatu kila mahali kabla ya kuhama. Ukianza na wembe wa kweli, nyoa shavu la kulia tu, kutoka sharafa mpaka kabla ya taya, na sehemu iliyobaki uimalizie kwa kifaa ulichokizoea. Rudia hivyo mpaka mkono upite juu ya kichwa na kutua panjani bila kuutafutia njia kwenye kioo. Ndipo uongeze shavu la kushoto, halafu taya. Juu ya mdomo na kidevu vifuate. Shingo iwe ya mwisho, na kikoromeo kiwe cha mwisho shingoni.